Nimekubaliwa uzamili Marekani bila ufadhili: je, kazi za chuoni zitanilipia ada?

Swali la msomaji wa Kilifi, Kenya:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 25. Nilisoma shahada ya takwimu Chuo Kikuu cha Pwani, nikapata daraja la pili la juu, na sasa nina mkataba kwenye mradi wa afya, nasafisha na kuchambua data. Nimepokea barua ya kukubaliwa kusoma uzamili wa afya ya jamii, miaka miwili, katika chuo kikuu cha jimbo huko Marekani. Ada na gharama za maisha kwa mwaka mmoja wameandika dola 48,000. Ufadhili hakuna. Mjomba wangu anayeishi Minneapolis anasema nisiogope: nikifika nitafanya kazi chuoni na kujisomesha kama alivyofanya yeye. Nyumbani wanataka kuuza sehemu ya shamba la minazi tulilorithi, tupate pesa za kuonyesha kwenye viza na za muhula wa kwanza. Je, kweli mtu anaweza kujilipia uzamili kwa kazi za chuoni? Na kuna msaada gani ambao mimi kama mgeni ninaweza kuomba?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kukubaliwa. Nitakujibu moja kwa moja kwa sababu kuna shamba la watu hapa. Kazi ya kawaida ya chuoni haiwezi kulipa ada hiyo. Msiuze. Lakini iko kazi ya aina nyingine ndani ya vyuo vya Marekani ambayo hufuta ada na kukupa posho ya kuishi, na mtu mwenye shahada ya takwimu kama wewe yuko karibu nayo kuliko wengi. Tatizo ni kwamba barua uliyonayo mkononi imetoka kwenye kozi ambayo mara nyingi haina kazi hiyo.

Tupige hesabu kwanza. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na muda kamili wakati wa likizo. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009. Majimbo mengi yamekipita, na kazi za maktaba, mkahawa wa chuo au mapokezi ya bweni mara nyingi hulipa zaidi ya hapo. Tuseme umebahatika kupata dola 13. Mihula miwili ya wiki 16, saa 20 kila wiki, ni saa 640. Hiyo ni dola 8,320. Ongeza likizo ya kiangazi, wiki 12 za saa 40, ikiwa utapata kazi ya kutwa ndani ya chuo wakati wanafunzi wengi wameondoka: dola 6,240. Jumla ni dola 14,560 kabla ya kodi ya mapato. Hiyo haifiki hata theluthi ya 48,000, nami nimehesabu kana kwamba hutaugua hata wiki moja na kazi itakuwepo tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna sheria. Mwaka wa kwanza huruhusiwi kazi ya nje ya chuo. Ukimaliza mwaka mmoja wa masomo, unaweza kuomba idhini ya kazi ya nje ikiwa umepatwa na shida ya fedha ambayo hukuitarajia, au kufanya mafunzo kazini yanayohusiana moja kwa moja na kozi yako, na yote hayo kwa kibali cha maandishi. Anayekwenda kuosha vyombo hotelini bila kibali, au kutunza wazee majumbani kwa malipo ya mkononi, anapoteza hadhi yake ya uanafunzi, na kuirudisha ni kazi ngumu. Wapo vijana wazuri waliorudi nyumbani bila shahada kwa njia hiyo, na deni juu.

Mjomba wako simtuhumu. Muulize tu jambo moja: alisoma akiwa na viza ya aina gani? Wengi wa Waafrika Mashariki waliojisomesha Minnesota, jimbo ulipo mji wa Minneapolis, walikuwa na ukaazi wa kudumu au waliingia kama wakimbizi. Mtu wa namna hiyo hufanya kazi popote, saa anazotaka, hulipa ada ya mkazi wa jimbo ambayo ni nafuu sana kuliko ya mgeni, na hujaza fomu ya FAFSA akapata mkopo wa serikali. Wewe huna mlango hata mmoja kati ya hiyo. Anakushauri kwa mapenzi, ila safari yake na yako hazifanani.

Sasa nije kwenye kazi inayolipa ada, ambayo ndiyo ninataka uielewe hadi mwisho.

Vyuo vikuu vya Marekani huendeshwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Chuo chenye wanafunzi 30,000 wa shahada ya kwanza kinahitaji watu wa kuongoza vikundi vya mazoezi, kusimamia maabara, kusahihisha mitihani, kujibu maswali ya wanafunzi ofisini. Maprofesa hawatoshi. Kwa hiyo idara humwajiri mwanafunzi wa uzamili au uzamivu kama msaidizi wa kufundisha. Profesa mwenye fedha za utafiti, mathalani kutoka National Science Foundation au National Institutes of Health, taasisi za serikali kuu zinazofadhili utafiti, humwajiri msaidizi wa utafiti. Na ofisi za chuo, kama mabweni, maktaba au ofisi ya wanafunzi wageni, huajiri wasaidizi wa utawala; msimamizi wa bweni mara nyingi hupewa chumba na chakula juu ya posho.

Ajira hizi hupimwa kwa sehemu ya wiki ya kazi. Nusu ajira ni saa 20 kwa wiki, robo ni saa 10. Vyuo vingi vinavyotoa ajira hizi huondoa ada yote au sehemu yake kubwa, hulipa posho ya kila mwezi, na mara nyingi huchangia bima ya afya. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, kwa mfano, msamaha wa ada huanzia kwenye ajira ya asilimia 25, yaani saa 10 tu kwa wiki. Linganisha: saa 20 za kupanga vitabu maktaba zinakupa hizo dola 8,320 kwa mihula miwili, saa 20 za kusaidia kufundisha takwimu zinaweza kukuondolea ada nzima kisha zikakulipa posho ya kukidhi chumba na chakula. Sheria ya viza inaziona ni saa zilezile, na ndiyo maana ukishapata nusu ajira huwezi kuongeza kibarua kingine wakati wa masomo.

Kodi nayo uijue mapema. Ada iliyosamehewa kwa msaidizi wa kufundisha au wa utafiti haihesabiwi kuwa mapato, lakini posho inatozwa kodi. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo msamaha wanaopata wanafunzi wa baadhi ya nchi wewe hutaupata, na kama mgeni asiye mkazi kodi yako huanza kuhesabiwa karibu na dola ya kwanza. Kwa upande mwingine, mwanafunzi wa F-1 katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda hakatwi michango ya Social Security na Medicare, yaani ya pensheni na ya matibabu ya wazee, ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida ni asilimia 7.65.

Hapa ndipo kozi uliyochagua inapokuumiza. Uzamili wa afya ya jamii kule ni shahada ya kuandaa watu kwa kazi, kama ya biashara. Vyuo huiendesha kwa ada za wanafunzi. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wa kufundishwa ni wachache, kwa hiyo nafasi za wasaidizi ni chache, na katika vyuo kadhaa kozi hizi zimeandikishwa kama programu za kujiendesha zenyewe, ambazo mwanafunzi wake hata akipata ajira chuoni hapewi msamaha wa ada. Hilo huliandika katika kurasa za ndani ambazo mwombaji wa Kilifi hana sababu ya kuzifungua.

Takwimu ni habari nyingine kabisa. Maelfu ya wanafunzi wa biashara, saikolojia, kilimo, uuguzi na uhandisi hulazimishwa kusoma kozi ya utangulizi wa takwimu, na kila kundi linahitaji msaidizi. Idara za takwimu zinaishi kwa wasaidizi. Iowa State, ambako maabara ya takwimu ilianzishwa mwaka 1933, ni mfano mmoja wa idara kongwe za namna hii, na katika vyuo vikubwa vya majimbo ya kati ya nchi utazikuta nyingi. Biostatistiki, yaani takwimu za afya na tiba, hukaa ndani ya shule zilezile za afya ya jamii, lakini wanafunzi wake hulipwa kutoka fedha za utafiti, kwa sababu kila utafiti wa dawa au wa maradhi unamhitaji mtu wa kuchambua data. Kazi unayoifanya sasa kwa mkataba ndiyo hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: omba uahirishaji wa nafasi uliyopata, kisha mzunguko ujao uombe takwimu au biostatistiki, na usiogope kuomba uzamivu moja kwa moja. Kwetu uzamivu huja baada ya uzamili. Marekani mtu mwenye shahada ya kwanza anaruhusiwa kuingia programu ya uzamivu, na ndizo programu ambazo vyuo hupeleka fedha zake kwanza. Kwa kawaida barua yake ya kukubaliwa huahidi ada, posho na bima kwa miaka minne au mitano. Lakini omba uzamivu kama moyo wako unautaka kweli. Ni miaka mingi ya kukaa na tatizo moja, na nafasi unayoichukua wapo wengine wanaoihitaji. Ukiona miaka miwili inakutosha, omba uzamili wa takwimu wenye nafasi za wasaidizi, ukijua ushindani wake wa fedha ni mkali zaidi kwa sababu wanaofikiriwa kwanza ni watu wa uzamivu.

Kuna faida nyingine inayofuata baada ya kuhitimu. Mwenye F-1 hupewa mwaka mmoja wa kufanya kazi inayohusu masomo yake. Takwimu na biostatistiki zimo katika orodha ya masomo ya sayansi na hesabu yanayoruhusiwa kuongeza miezi 24. Uzamili wa kawaida wa afya ya jamii haumo. Mwaka mmoja kwa miaka mitatu ni tofauti kubwa kwa mtu anayetaka kurudi na akiba na uzoefu.

Usisahau pia lugha yako. Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, miongoni mwao Wisconsin–Madison, ambako idara ya lugha na fasihi za Kiafrika ilianzishwa mwaka 1964, na Indiana. Idara hizo wakati mwingine huajiri wanafunzi wa uzamili kutoka kozi nyingine kabisa kama wasaidizi wa kufundisha Kiswahili, mradi wanaongea vizuri na wamewahi kusimama mbele ya darasa. Ukituma maombi ya takwimu kwenye chuo chenye Kiswahili, waandikie na watu wa Kiswahili. Kama umewahi kufundisha tuisheni, au umesaidia watafiti wageni kutafsiri dodoso, litaje. Upo pia mpango wa Fulbright, wa serikali ya Marekani, unaowapeleka vijana wa Kenya na nchi jirani kufundisha lugha zao vyuoni Marekani kwa miezi tisa. Huo hautoi shahada, lakini humpa mtu uzoefu wa darasani na watu wa kumwandikia barua. Hao huenda kwa viza ya J-1, ile ya mabadilishano, yenye sharti la kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza ya kazi au ukaazi wa kudumu, jambo la kulifikiria mapema.

Kabla hujaahirisha, iandikie idara iliyokukubali. Usiandike barua ndefu ya kueleza umaskini wa nyumbani. Watu wema huisoma wakahuzunika, lakini haiwapi cha kufanya. Mwandikie mratibu wa masomo ya uzamili, umshukuru, kisha uulize maswali yanayojibika. Je, wanafunzi wa programu hii wanaruhusiwa kushika ajira za usaidizi zenye msamaha wa ada? Mwaka uliopita ni wangapi walizipata, na walizipata muhula wa ngapi? Msamaha unafuta ada yote au unaishia kwenye tofauti kati ya ada ya mgeni na ya mkazi wa jimbo? Michango ya lazima na bima ya afya analipa nani? Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Na naweza kuomba kazi katika idara ya takwimu huku nikisoma kwenu? Mratibu anayejua kazi yake hukujibu kwa siku chache. Akikujibu kwa maneno ya jumla, kama "wanafunzi wetu wengi hufanikiwa kupata kazi wakifika", hesabu kwamba hakuna.

Neno hilo "wakifika" limewaumiza wengi. Ni kweli wapo waliofika bila kitu, wakabisha hodi ofisi za maprofesa, muhula wa pili wakapata ajira. Sikatai. Lakini wale ambao hawakupata huwasikii wakisimulia. Tena tangu 2025 fedha za utafiti za serikali kuu zimepunguzwa na nyingine kusimamishwa, na vyuo kadhaa vimepunguza idadi ya wanafunzi wapya wa uzamivu kwa sababu hiyo. Profesa ambaye zamani angekuchukua kwa kukuona una bidii, leo anahangaika kuwalipa wale alio nao. Chochote usichopewa kwa maandishi kabla ya kupanda ndege, usikihesabu.

Kwenye maandishi hayo soma sehemu mbili kwa makini: muda, na masharti ya kuendelea. "Ajira ya mwaka mmoja, ikiwezekana kuongezwa" si sawa na "miaka miwili kwa sharti la maendeleo mazuri ya masomo". Na usikubali kuharakishwa. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano ya Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vya uzamili na uzamivu, kwamba mwanafunzi aliyepewa ahadi ya fedha ana hadi tarehe 15 Aprili kujibu. Ukipata ahadi mbili, una haki ya kuziweka mezani na kuuliza kama mmoja wao anaweza kuongeza.

Sasa lile la pesa za kuonyesha. Ili upewe fomu ya I-20, ambayo ndiyo msingi wa viza, chuo kinataka ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza wote, kwako dola 48,000, zaidi ya shilingi milioni sita za Kenya. Kibarua unachotarajia kupata chuoni hakihesabiwi katika ushahidi huo. Barua ya ajira ya usaidizi inahesabiwa, pamoja na msamaha wake wa ada, na ndipo pengo linabaki dogo au halipo kabisa. Familia nyingi kwetu hufanya ujanja: wanakopa, wanaweka benki kwa wiki mbili, wanachukua taarifa ya akaunti, wanarudisha. Mwanangu, usikubali jambo hilo hata kama anayelipendekeza ni mzee unayemheshimu. Afisa wa ubalozi anaweza kuuliza pesa zilitoka wapi na lini, na ukikutwa umedanganya jina lako linabaki na doa katika kila ombi la baadaye. Ukipita salama, ndiyo mbaya zaidi: unafika Agosti na hesabu ya ada inakusubiri kwa pesa zilizokwisha kurudi kwa mwenyewe. Na mkiuza shamba kweli, litamaliza mwaka mmoja wa kozi ya miaka miwili. Mwaka wa pili mtauza nini?

Mikopo nitaipitia kwa kifupi. Mikopo ya serikali ya Marekani haimhusu mwenye F-1, wala ule mpango wa Federal Work-Study, wa kazi za wanafunzi zinazochangiwa na serikali kuu. Benki za kawaida hutaka mdhamini ambaye ni raia au mkazi wa kudumu. Huyo atakuwa mjomba, na ukikwama deni linamwangukia yeye na watoto wake. Zipo kampuni kama MPOWER na Prodigy zinazowakopesha wanafunzi wageni bila mdhamini, kwa vyuo na kozi walizozichagua, lakini riba yake ni kubwa kuliko ya mikopo ya serikali. Mtu wa mwaka wa mwisho aliyebakiwa na pengo la dola 5,000 naweza kumwelewa akikopa huko. Kukopa gharama nzima ya uzamili wa afya ya jamii, kisha kurudi kwenye mshahara wa Kenya, sikushauri.

Kwa wasomaji wa Kiswahili walio Marekani tayari kama wakimbizi, waliopewa hifadhi, au wenye kadi ya kijani, na najua wapo wengi kutoka Kongo na Burundi: ninyi jazeni FAFSA. Mnastahili mkopo wa kila mwaka wa hadi dola 20,500 kwa masomo ya uzamili, na mnaweza kupewa Work-Study. Ule mkopo wa ziada wa Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo lote, umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na mkopo ule wa kwanza umewekewa kikomo cha jumla cha dola 100,000 kwa shahada zisizo za fani kama udaktari wa tiba na sheria. Kwa hiyo hata kwenu ninyi kazi ya usaidizi imekuwa na thamani zaidi kuliko zamani. Na wasomaji wa Tanzania wajue kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 amri ya Rais wa Marekani imezuia viza za wanafunzi kwa raia wa Tanzania, isipokuwa kwa misamaha maalumu. Burundi ilikuwa imewekewa zuio hilo tangu Juni 2025. Msilipe ada ya maombi wala ya viza bila kuangalia hali ilivyo wiki hiyo.

Turudi kwako. Ufadhili kamili usiohitaji kazi upo. Fulbright kwa wanafunzi wa Kenya hupitia ubalozi wa Marekani Nairobi, na hapohapo Nairobi kuna washauri wa EducationUSA ambao hawatozi chochote. Ukiona mtu anakutaka shilingi elfu hamsini akutafutie "nafasi yenye ufadhili", mkimbie. Wajerumani, kupitia DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo lenye ofisi Nairobi, hufadhili uzamili na uzamivu, na vyuo vyao vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada. Isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 humtoza mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata bila ufadhili, fedha unazotakiwa kuthibitisha kwa Ujerumani ni za kuishi tu, nazo hazifiki theluthi ya hiyo dola 48,000.

Na kuna mlango ulio karibu na nyumbani kwenu ambao umenishangaza kwamba hukuutaja. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kipo Kilifi tangu 1989, na kina mpango wa kulea watafiti vijana, kuanzia mafunzo ya kazi hadi uzamili na uzamivu. Huko wanachambua data za malaria na afya ya watoto kila siku. Ukipata hata nafasi ya muda mfupi pale, unapata vitu viwili ambavyo kamati ya udahili ya Marekani inavitafuta: kazi ya utafiti yenye jina lako, na mtafiti anayejulikana wa kukuandikia barua. Ningekuwa mzazi wako ningekusukuma uanzie hapo mwaka huu huu.

Kalenda yako iwe hivi. Kuanzia sasa hadi Septemba, jiimarishe katika R, programu ya kompyuta ya kuchambua data, maana msaidizi wa takwimu asiyeijua ana kazi ngumu, na uhakikishe una hesabu za kutosha, hasa kalkulasi na aljebra ya mistari; kama matokeo yako ya hesabu ya mwaka wa pili si mazuri, lieleze wazi katika maombi. Septemba na Oktoba waandikie maprofesa wachache, ukisoma kwanza makala moja au mbili za kila mmoja, barua ya aya tatu tu: unafanya nini na data gani, umevutiwa na nini katika kazi yake, na je, anatarajia kuchukua mwanafunzi mwaka ujao. Wengi hawatajibu. Wachache watajibu, na hao ndio unaowahitaji. Tarehe za mwisho za wanaotaka kufikiriwa fedha huwa kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, hata pale ambapo tovuti inasema udahili uko wazi hadi Machi. Ada ya maombi huwa dola 50 hadi 100 kwa chuo. Omba kusamehewa kwa barua ya adabu kabla ya kuwasilisha, baadhi ya vyuo hukubali. Uliza pia kama wanataka mtihani wa kuzungumza Kiingereza kwa wasaidizi wa kufundisha. Mkenya mara nyingi husamehewa mtihani wa Kiingereza wa kuingilia, lakini kwa kusimama darasani baadhi ya vyuo huwa na kipimo chao.

Ukipata ajira, bado utahitaji pesa za kuanzia. Kuna dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwasajili wanafunzi wageni, na 185 za viza, kuna nauli, kuna dhamana ya chumba pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, na michango ya chuo ambayo msamaha wa ada hauigusi. Utafika katikati ya Agosti, na mshahara wa kwanza huenda usiingie hadi mwisho wa Septemba, kwa kuwa lazima kwanza upate namba ya Social Security na kufungua akaunti. Bila nauli, dola 3,000 zitakuvusha. Hapo ndipo mjomba anaweza kukusaidia kweli. Mwambie kwa heshima kwamba humtaki awe mdhamini wa deni wala mwenyeji wa ndoto ya kibarua, ila akukopeshe kiasi hicho, umrudishie kidogokidogo kutoka kwenye posho ya mihula miwili ya kwanza. Nyumbani waambie waendelee kuangua nazi. Barua ya mratibu ikija, nitumie niisome kabla hujawajibu.